Shati la Kuombewa

Juma lililopita nilikwenda kwa jirani yangu kuazima ngazi, nikamkuta barazani anasugua sinia la shaba kwa ndimu na majivu. Alinisalimu, nikashindwa kumwitikia. Harufu ile ya shaba iliyolowa ndimu ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya baba yangu, na baba tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia. Jirani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka tu, akaniletea kigoda, nikakaa nikamtazama mpaka akamaliza sinia lake, na ngazi nikaisahau.

Nawaandikia wa rika langu, hasa ninyi mliolelewa kwenye makanisa ya mabati huku Kisauni, mliojua kupiga makofi ya pambio kabla hamjajua kuhesabu. Sina hasira na mtu. Hasira ilikuwapo, ikakaa, ikaondoka yenyewe. Kilichobaki ni uchovu, na hata huo ningeuacha ulale, lakini hakuna nguzo ya umeme kutoka Bombolulu hadi Kiembeni isiyokuwa na bango la mkutano wa injili, lenye picha ya mtu aliyevaa suti na maneno ya kuwaalika viwete, vipofu na mabubu. Nikiyaona mabango hayo huangalia upande wa pili wa barabara. Upande wa pili nao una mabango.

Baba alikuwa mfua shaba. Alifanya kazi katika karakana moja Bombolulu, pamoja na wengine ambao mwili uliwanyima hiki au kile, na kazi yake ilikuwa kukata vipande vya shaba kwa msumeno mwembamba, kuvipinda viwe hereni na vikuku, kisha kuving'arisha. Polio ilimharibu miguu yote miwili akiwa mtoto mdogo kwao milimani Taita. Alitembea kwa magongo mawili ya mbao, yaliyochongwa na seremala rafiki yake kwa kipimo cha mwili wake, na sehemu za kwapani alizishonea ngozi mwenyewe. Sikuwahi kumfikiria kuwa mgonjwa. Tulipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita vilivyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na kila baba wa nyumba ile alirudi jioni na kitu chake: mmoja na baiskeli, mwingine na mkoba wa vifaa vya umeme, wangu na magongo. Kazini alikuwa fundi na nyumbani alikuwa baba. Kanisani tu ndiko alikokuwa mgonjwa, nami nilichukua muda mrefu kuligundua hilo.

Kanisa letu lilipenda wageni. Mwezi haukupita bila kuletewa mhubiri kutoka mahali fulani, na kila mgeni, akishamaliza kuhubiri, aliangaza macho akitafuta mtu wa kumwombea. Macho hayo yalimwangukia baba. Angekaa mbele, angekaa nyuma, angejibanza kwenye kona ya wanakwaya, ilikuwa kazi bure. Aliitwa, akaenda, akasimama kwa magongo yake mbele ya watu, akawekewa mikono kichwani na magotini, akasukumwa paji la uso, akapakwa mafuta. Mafuta ndiyo yaliyomkera mama. Yaliingia kwenye kola na hayakutoka kwa sabuni ya mche wala kwa jua. Basi akatenga shati moja la rangi ya kahawia, ambalo doa halionekani juu yake, nasi tukaliita shati la kuombewa. Ikitangazwa kwamba Jumapili ijayo kutakuwa na mgeni, mama alirudi nyumbani akalitoa shati lile sandukuni, akalipiga pasi ya makaa huku akinung'unika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini wageni hawa wa kwetu, alisema, hawafiki hata hiyo ya pili tukawaona na jembe.

Baba alicheka. Hakukataa hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini hasemi hapana, alinijibu kwamba watu wale wanampenda kwa njia wanayoijua, na kwamba kusimama dakika kumi si neno. Haikuwa kweli. Kusimama bila kwenda ndiko kulikomchosha kuliko kitu kingine chochote, na jioni za Jumapili hizo mama alimkanda mabega kwa kitambaa cha maji moto yenye chumvi, naye akifumba macho na kuuma meno.

Nilipokuwa na miaka minane hivi kanisa likataka kuchagua wazee. Mzee wa kanisa kwetu si lazima awe na mvi. Ni mtu wa kufungua ibada kwa maombi, kuwapokea wageni, kwenda kukaa na wafiwa. Baba aliutaka uzee huo. Hakusema, ila nilijua, kwa sababu majuma yale alianza kuomba maombi marefu kabla ya chakula, yaliyopangwa vizuri, mpaka ugali ukapoa na mama akakohoa. Na kuomba alijua. Aliomba taratibu, bila kupayuka, akiwataja watu kwa majina na shida zao. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wetu, Mwislamu wa Kisauni toka enzi za babu zake, akimkuta baba katikati ya maombi alisimama mlangoni akangoja amalize ndipo aulize ufunguo wa bafu uko wapi. Aliwahi kumwambia mama kwamba baba akiomba, yeye husikia kama anatajwa mtu anayemjua.

Siku ya kutaja majina ilipofika, mama mmoja wa kwaya akalitaja la baba. Mchungaji wetu, mtu mpole ambaye sikumsikia akimkaripia mtu hata siku moja, akatabasamu.

"Ndugu yetu huyu tumngoje kwanza," akasema, "Bwana amalize kazi yake kwake."

Watu wakaitikia amina, jina likapitwa. Baba naye aliitikia amina. Nilikuwa ubavuni pake, nikamsikia. Tulipofika nyumbani alitoa msumeno wake na vipande vya shaba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Jumapili, akakaa barazani akikata mpaka giza likamzuia.

Mama alielewa alichofanyiwa mumewe. Mimi niliyasikia maneno yale yale nikaelewa kwamba tumepewa ahadi. Bwana akishamaliza kazi yake, baba atakuwa mzee wa kanisa. Kilichobaki ni kujua kwa nini Bwana anachelewa, na jibu hilo nililipata wiki mbili baadaye kwenye shule ya Jumapili.

Mwalimu wetu alitusimulia habari za Bartimayo, yule kipofu aliyekuwa akiombaomba kando ya njia. Alisimulia vizuri. Alitufunga macho kwa vitambaa tukapapasa ukuta wa mabati ili tujue upofu ulivyo. Alipofika pale Bartimayo anapoitwa, akatuambia jambo ambalo alitaka tulishike: kwamba yule kipofu alilitupa vazi lake kabla hajaponywa. Kabla, si baada. Vazi lile lilikuwa mali yake yote, alisema, tena ndilo lililomtambulisha kuwa ombaomba, na kama angeling'ang'ania angebaki vile vile alivyo. Wenzangu walikuwa wakichekeana na vitambaa vyao. Mimi nilikuwa nimeliona tatizo lote la nyumba yetu. Baba alikwenda kuombewa kila mara akiwa ameshika magongo, tena ameyashika kwa mikono miwili. Nilimhurumia kwa kutokujua jambo dogo kama hilo. Niliamua nisimwambie, maana nilihofu angeogopa kuyaacha.

Mkutano wa injili ulifanyika siku tatu katika uwanja mmoja wa vumbi njia ya Kiembeni, kuanzia mchana mpaka jua kuzama. Kanisa letu na mengine yalitoa mabenchi, waimbaji na wahudumu. Baba hakutaka kwenda. Nilimbembeleza mimi. Nilimwambia nataka kuliona jukwaa, na yeye, ambaye hakuninyima kitu alichoweza kunipa, akakubali kwa siku ya mwisho. Mama akalipiga pasi shati la kahawia bila kunung'unika, na hilo lilionyesha amechoka kuliko siku zote.

Mhubiri alitoka bara, Kiswahili chake cha haraka, koti amelivua. Nyuma yake jukwaani kulifungwa kamba kutoka nguzo hii hadi ile, na juu yake viliangikwa vitu ambavyo walioponywa katika miji mingine waliviacha: magongo, miwani, bandeji, mkanda wa kushikilia mgongo. Wenyewe waliviita ushuhuda. Nilipoiona kamba ile mwili ulinisisimka. Nilijua tumefika mahali penyewe, na nilimwona Bartimayo yuko juu pale na vazi lake.

Wahudumu waliwapanga wagonjwa kwenye benchi la mbele. Baba akakaa, akalaza magongo chini ya benchi. Mama alibaki nyuma na wanawake wenzake, nami nikaruhusiwa kukaa chini, miguuni pa baba. Adhana ya alasiri ilipoanza kwenye msikiti wa jirani, fundi wa mitambo, kijana wa huku huku, akapunguza sauti kama ilivyo desturi yetu, na mhubiri, ambaye hakuizoea desturi hiyo, akangoja huku akitazama saa yake. Kisha akaamuru kila mtu afumbe macho. Uwanja mzima ukafumba macho.

Niliyavuta magongo taratibu. Yalinizidi urefu. Niliyakumbatia yote mawili, nikatembea nayo hadi kwenye ngazi za jukwaa, nikampa mhudumu mmoja aliyevaa beji. Akaniuliza kwa kunong'ona ni ya nani.

"Ya baba yangu," nikamwambia. "Hayahitaji tena."

Sikujiona nasema uongo. Kwangu ilikuwa bado dakika chache tu. Mhudumu akapanda mbio, mhubiri akayapokea, akayainua juu ya kichwa chake na kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba kiwete amepona. Watu wakapiga kelele, kinanda kikaanza, vumbi likatimka. Baba alifumbua macho pamoja na wengine, akampigia makofi mtu huyo aliyepona, makofi mawili matatu ya furaha kabisa, kisha akayatambua magongo yake.

Alipapasa chini ya benchi. Akanitafuta kwa macho, akaniona nimesimama penye ngazi natabasamu, namngoja. Nimeufikiria sana uso wake wa wakati ule. Angeweza kuinua mkono akasema kuna makosa, mtoto ameyachukua, nirudishieni. Na uwanja wote ungenigeukia mimi. Mhubiri alikuwa anauliza mwenye magongo haya yuko wapi, nami nikamwonyesha kwa kidole. Wahudumu wawili wakamfikia baba, wakamshika makwapani, wakamwinua. Walimtembeza mbele ya jukwaa kutoka kona hadi kona, ncha za viatu vyake zikichora mistari miwili kwenye vumbi, na watu waliokuwa mbali, ambao hawakuona ila kichwa na mabega yakipita, wakaimba. Nilikuwa nangoja wamwachie. Niliamini kwamba wakimwachia tu atatembea. Walipomwachia, walimwachia kwenye benchi.

Mkutano ulipokwisha mama alikwenda kuyadai magongo, akarudi mikono mitupu. Aliambiwa, kwa upole, kwamba kilichokwisha kutolewa kwa Mungu hakidaiwi, na kwamba magongo yale yatawatia wengine imani huko yaendako. Alipobisha akaulizwa kama hataki mume wake apone. Mama alikuwa na mdomo mkali, sokoni walimjua, lakini swali hilo lilimfunga mdomo. Lori lilikuwa linapakiwa tayari. Tukampata mtu wa mkokoteni wa maji, akashusha mitungi yake kando ya njia, akampandisha baba. Watu waliokuwa wakitoka mkutanoni walitupita wakiimba. Hakuna aliyemtambua baba juu ya mkokoteni.

Bi Mwanaisha alikuwa ukumbini baba alipoletwa amebebwa. Alitazama mpaka mlango wa chumba chetu ukafungwa, kisha akamgeukia mama.

"Yaani wametwaa magongo ya mtu?" akauliza. "Wallahi, hata mwizi huchagua."

Mama aliegemea ukuta akalia, na Bi Mwanaisha akamshika bega, wakasimama hivyo wawili. Mimi hakuna aliyeniuliza lolote. Nilikwenda kulala nikiwa na matumaini kwamba labda ni suala la kungoja mpaka asubuhi.

Asubuhi nilimkuta baba anatambaa ukumbini kuelekea chooni, mbele ya wapangaji wote na watoto wao wanaojiandaa kwenda shule. Viatu alikuwa amevivaa mikononi. Mguu mmoja ulikuwa umekwama kwenye kizingiti cha chumba cha tatu, naye alikuwa anauvuta kwa subira, kama mtu anayechomoa nguo iliyonasa msumarini. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilimfuata nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia ni mimi niliyeyatoa.

"Najua," akasema. "Usimwambie mtu."

Seremala rafiki yake alichukua siku nne kumchongea mengine. Katika siku hizo baba hakwenda kazini, na habari zake zilizunguka kanisani bila yeye. Wengine walisikia amepona, wengine walisikia anatambaa, na habari hizo mbili zilipokutana zikazaa ya tatu: kwamba alipona kweli, akaupoteza uponyaji wake. Mtu haupotezi uponyaji bure. Lazima nyumbani mna dhambi. Kina mama wawili walikuja kumtembelea mama, wakanywa uji wetu, wakamshauri tuhame, maana tunaishi kwa mwanamke wa Kiislamu, na nani ajuaye ana majini gani mle ndani. Wakamuuliza pia, kwa sauti ya chini, kama yeye mwenyewe hana neno la kutubu. Bi Mwanaisha alikuwa ukumbini anachambua mchele wake. Naamini alisikia kila kitu.

Jumapili baba alikwenda kanisani kwa magongo mapya, ya mbao ambayo bado inanuka ubichi. Kichwa kimoja kimoja kiligeuka. Baada ya nyimbo mchungaji akamwita mbele, akamwomba alieleze kanisa, kwa upendo, ni kitu gani kilichotokea. Nilishika ukingo wa benchi. Nilikuwa nangoja jina langu. Nilikwisha amua kwamba likitajwa nitakimbia mpaka Mwakirunge, ambako tuliambiwa hakuna watu ila mawe na takataka.

Baba alijiweka sawa kwenye magongo yale mageni.

"Magongo niliyatoa mimi," akasema. "Niliyatoa kabla imani yangu haijafika. Mke wangu hana neno, na mwenye nyumba wetu hana neno. Kosa ni langu."

Mchungaji akamkumbatia. Akawaita wazee wapya, wale waliochaguliwa, wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakaomba aongezewe imani. Hapakuwa na mgeni siku hiyo, kwa hiyo baba alikuwa amevaa shati lake jeupe, na mafuta yakaingia kwenye kola. Niliambiwa nisimwambie mtu, nami nilitii kwa utii ambao sikuwa nao katika jambo jingine lolote. Hata leo nikikumbuka ule wepesi niliousikia kifuani, ile furaha ya kutotajwa, naona aibu.

Alasiri ile nilimfuata barazani nikamweleza yote: vazi la Bartimayo, kabla na si baada, jinsi nilivyoyavuta magongo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisugua kikuku kwa kipande cha ndimu.

"Mwalimu wenu amewasimulia vizuri," akasema. "Ila ameruka pahali. Yule kipofu aliulizwa kwanza anataka nini. Kila mtu alimwona ni kipofu, na bado akaulizwa." Akakigeuza kikuku upande wa pili. "Mimi hawajaniuliza, Wakesho."

"Wataka nini, Baba?"

Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa na mwenye uwezo wa kumpa.

"Uzee wa kanisa niliutaka," akasema. "Sasa hivi nataka chai."

Nikaenda nikampikia chai, ya kwanza niliyowahi kupika peke yangu. Hakuusema tena uzee wa kanisa, siku ile wala baadaye. Maombi ya kabla ya chakula yakarudi kuwa mafupi. Aliendelea kwenda ibadani, akaendelea kuitwa na wageni, akaendelea kwenda mbele, mwaka baada ya mwaka, mpaka wageni wakawa vijana ambao angeweza kuwazaa. Wazee wa kanisa walichaguliwa tena na tena. Yeye alikaa kwenye benchi lake akiitikia amina.

Tulimzika kwao Taita. Mhubiri wa kaburini, ambaye hakumjua, alisema kwamba leo ndugu yetu ametupa magongo yake na anakimbia katika njia za mbinguni, na watu wakashangilia. Mama aliniangalia. Naye sasa ni mzee, mdomo wake umepoa, lakini niliona alichotaka kusema. Hata ndani ya sanduku hawakumwacha akae.

Mchungaji wetu wa zamani hakuweza kusafiri kuja kuzika. Amestaafu, anaishi kwa mwanawe Kiembeni, miguu imemvimba. Tuliporudi nikaenda kumpa habari za mazishi. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuungama. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu utotoni, na nilitaka mtu mmoja wa kanisa lile, mmoja tu, ajue kwamba imani ya baba haikuwa fupi, kwamba alisimama mbele yao akajivika kosa la mtoto wake na kulipa kwa kitu pekee alichokitaka. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa furaha, nikakaa. Nikamwambia kwamba yale magongo niliyatoa mimi.

"Magongo gani, mwanangu?" akauliza.

Nikamweleza tena. Mkutano wa njia ya Kiembeni, kamba ya jukwaani, Jumapili ile aliyomwita baba mbele. Alijitahidi kukumbuka, nilimwona anajitahidi. Hakuwa anajifanya. Alisema mikutano ilikuwa mingi. Alisema baba alikuwa mtu mzuri, mnyamavu, na kwamba alimwombea sana. Nikamuuliza mbona hawakumpa uzee wa kanisa miaka yote ile.

"Hakuna aliyemtaja tena," akasema. "Mimi nilidhani haupendi."

Nilifika pale nikidhani nimebeba siri ambayo kanisa lote linaitunza upande wa pili. Kumbe hawakuwa na kitu. Walikwisha sahau kabla shati halijakauka. Jina la baba halikuzuiwa na hukumu yoyote, lilikuwa linangoja tu mtu alitaje, na mimi nilibatizwa katika kanisa lile, nikakua, nikawa mshirika kamili mwenye haki ya kutaja jina. Nilikuwamo humo katika chaguzi zote. Kila mara nilimtazama pale kwenye benchi lake, nikafungua mdomo, nikaufunga, kwa sababu niliogopa kwamba nikimtaja watauliza habari ya magongo.

Mchungaji aliona machozi yangu, akayaelewa kwa namna aliyozoea kuyaelewa. Alisogea mbele kwenye kiti chake, akanyoosha mkono kunielekea kichwani. Ulikuwa mkono wa mzee, hauna ubaya wowote. Baba angeinama.

"La, Mchungaji," nikamwambia. "Naomba leo usiniombee."

Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha polepole kwenye goti lake.